Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: msiutafute mji wa Hamza kwenye ramani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Tunaomba wizara yako iandae chumba kimoja cha maonyesho kuhusu vita vya 1914–1918 vilivyopiganwa katika ardhi yetu, na mlango wa kuingilia uwe riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah: Peponi, ambayo Ida Hadjivayanis ameshatufasiria, na Afterlives. Tunapendekeza na namna ya kuifanya, maana kazi hii ni nyepesi kuharibika.

Kitakachozuka kwanza ni ugomvi wa mji. Khalifa, Afiya na Hamza wa Afterlives wanaishi katika mji wa pwani ambao mwandishi hakuupa jina. Tanga watadai ni wao, Bagamoyo nao hawatanyamaza. Tafadhali, kisibandikwe popote kibao cha "hapa aliishi Hamza". Mtu akishabaini kibao kimoja cha uongo, hata cha kweli kilicho jirani yake hatakiamini.

Anzeni na maneno. Ombasha na shaushi wa kwenye riwaya si viungo alivyonyunyiza mwandishi. Ndivyo vyeo vya jeshi la Wajerumani vilivyoitwa, vyenye asili ya Kituruki, vikaja na Wasudani ambao Wissmann, afisa wa Kijerumani, aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Kando yake wekeni sarafu ya hela 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye taji juu ya mwaka na herufi T chini yake. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, pesa hazifiki kutoka Ujerumani, ikabidi karakana ya reli igeuzwe kiwanda cha kupiga sarafu.

Ukuta mkubwa kuliko zote uwe wa wapagazi. Riwayani tunawaona katika msafara, ila hesabu yao msomaji haipati. Mbung'o waliua farasi na punda, basi mzigo ukapanda kichwani mwa binadamu. Tuseme mtu kajitwika kilo 25 za unga, na anakula kilo moja kwa siku. Njia ikiwa ya siku kumi, kwenda na kurudi kilo 20 zimeishia tumboni mwake. Jeshi linapokea tano. Kwa hiyo kila mstari wa mbele uliposogea, walihitajika wapagazi wengi zaidi, na chakula kilipopungua yakaporwa maghala ya vijiji. Njaa iliyofuata Ugogo wenyewe waliiita Mtunya. Chumba kikieleza mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 bila kuieleza Mtunya, kitakuwa kimesimulia habari za maofisa tu.

Msiseme Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inatosha. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, jambo jema, lakini yanawakumbuka waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Hamza alikuwa askari wa upande wa pili, wa Wajerumani. Yusuf wa Peponi vilevile: mwisho wa kitabu anakimbilia msafara wa Wajerumani.

Kisha Ilyas, na hapa ndipo umakini unatakiwa zaidi. Ilyas, kaka yake Afiya katika Afterlives, ni wa kubuni. Riwayani anafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Berlin, mwaka 1942. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, ni mtu wa kweli: kazaliwa Dar es Salaam 1904, kaingizwa vitani angali mtoto, kafika Berlin 1929, kadai mshahara wa uaskari ambao hakulipwa, akanyimwa. Kafundisha Kiswahili chuoni, kaigiza filamu, kakamatwa 1941, kafia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Wawekeni hao wawili kwenye makabati mawili ya vioo, kila mmoja na tarehe zake, wala picha ya Husen isiazimwe kumvisha Ilyas. Wageni watauliza kwa nini miaka haifanani. Mwongozaji awajibu kwamba mwandishi alikuwa huru kuibadili, makumbusho hayana uhuru huo.

Berlin wamempachikia Husen kijiwe chenye bamba la shaba, sentimita 10 kwa 10 hivi, kwenye njia ya waenda kwa miguu. La Dar es Salaam tunaomba liwe kubwa kidogo, liandikwe kwa Kiswahili alichokifundisha, na jina lianze na Mahjub.

Wako,
Wasomaji na walimu wa fasihi