Shukrani kwa fundi aliyepita Mwanga na baiskeli

Kaka, jina lako sikulishika, ila nakukumbuka kila mvua inaponyesha. Huku kwetu Mwanga, mjini Kigoma, wengi tumejenga mteremkoni, na chumba changu cha nyuma kimechimbiwa kwenye kilima. Miaka mitatu ukuta ulitoka jasho, rangi ikabanduka, unga mweupe wa chumvi ukatapakaa kwenye plasta, na mama, ambaye ana shida ya kifua, ikabidi ahamie sebuleni. Plasta nilirudia mara mbili. Wapi!

Wewe ulikuwa unapita zako. Ukabandika kiganja ukutani, ukasema: "Dada, maji ya kilima hayazuiwi ndani, yanakingwa nje kabla hayajagusa msingi."

Ukashinda kwangu siku mbili. Ulichimba mtaro nyuma ya nyumba, chini kidogo ya usawa wa sakafu, ukalaza bomba lenye matundu na kulifunika kwa kokoto, likishuka sentimita 1 kila mita hadi korongoni. Mteremko wa mtaro uliupima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule wa kuonyesha usawa, ukachimba upya palipoinuka. Hela ukakataa, ukanywa uji tu.

Ukuta umekauka, mama amerudi chumbani kwake. Asante sana, kaka yangu. Ukipita tena, piga hodi, migebuka, samaki wetu wa ziwani, ipo.