Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masomo ya Historia na Mitindo ya Muziki wa Marekani

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama wote,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya Mweka Hazina ambayo mmekwisha kugawiwa, kwa hiyo nitazigusa kwa ufupi. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu jambo lililozua ubishi kuliko yote mwaka huu, nalo ni uamuzi wa Kamati wa kubadili mpangilio wa masomo.

Tangu chama kianzishwe tulikuwa tukijifunza muziki wa Marekani mtindo kwa mtindo: muhula wa bluzi, muhula wa jazi, muhula wa kantri, kisha rokenroli na yaliyofuata. Mpangilio huo ulikuwa mwepesi kusimamiwa, lakini ulituzoesha kuamini kwamba kila mtindo ulizaliwa kwao na kulelewa kwao, na kwamba mitindo hiyo ilikuja kujuana ukubwani. Kamati iliamua kwamba mwaka huu tuanze na santuri zenyewe, mahali ziliporekodiwa na watu waliozipiga, na suala la mtindo lije nyuma. Hoja ya Kamati, ambayo naendelea kuitetea, ni kwamba mipaka mingi tuliyokuwa tukiiheshimu iliwekwa na wauzaji wa santuri katika miaka ya 1920, wala haikuwekwa na wapigaji.

Mnamo Agosti 1920, jijini New York, kampuni ya Okeh ilimrekodi Mamie Smith akiimba «Crazy Blues». Santuri hiyo iliponunuliwa kwa wingi na Wamarekani weusi, makampuni yalitambua kwamba kulikuwa na soko ambalo hayakuwahi kulishughulikia, yakaanza kuchapisha orodha maalumu za santuri za watu weusi, na baadaye kidogo orodha nyingine za muziki wa Wazungu wa mashambani Kusini mwa Marekani, ambao baadaye uliitwa kantri. Ralph Peer, mtayarishaji wa Okeh, alihusika na orodha zote mbili, kwani ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa mpiga fidla Mzungu John Carson mjini Atlanta mwaka 1923. Tangu hapo mwanamuziki aliyeingia studio alitakiwa kutoa kile kilichofaa rafu aliyopangiwa. Mtu mweusi aliyezoea kupiga fidla katika dansi za kijijini aliombwa bluzi, na fidla yake mara nyingi haikurekodiwa kabisa, ndiyo maana leo tunadhani haikuwapo.

Somo lililotuchukulia muda mrefu zaidi lilikuwa lile la Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia. Peer, ambaye wakati huo alikuwa akiifanyia kazi kampuni ya Victor, alifika huko mwishoni mwa Julai 1927 akiwa na mitambo ya kurekodia kwa maikrofoni ya umeme, teknolojia iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu katika biashara hiyo. Katika siku hizo chache alirekodi waimbaji wa familia ya Carter pamoja na mwimbaji Jimmie Rodgers, na kwa sababu hiyo vitabu vingi huihesabu ziara hiyo kuwa mwanzo wa kantri kama biashara kubwa. Wanachama waliohudhuria watakumbuka jinsi tulivyorudia rudia gitaa la Maybelle Carter, ambaye kidole gumba chake kinapiga wimbo kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikipangusa nyuzi nyembamba kushika mwendo, hata gitaa moja likasikika kama mawili.

Hapo ndipo tulipomleta Lesley Riddle katika somo. Alikuwa mpiga gitaa mweusi wa eneo hilohilo la milimani, aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji, na baada ya Bristol alifuatana na A. P. Carter wa familia hiyo katika safari za kutafuta nyimbo. Carter aliandika maneno, Riddle akazishika tuni kichwani mpaka warudi nyumbani, na Maybelle mwenyewe alikiri kwamba alijifunza mengi kutokana na upigaji wake. Katika mpangilio wetu wa zamani Riddle hakuwa na muhula. Hakuwa mtu wa bluzi aliyerekodi bluzi, wala jina lake halikuonekana kwenye santuri za kantri, na kwa hiyo aliangukia katikati ya mihula miwili bila mtu kumwona.

Jioni nyingine ninayotaka iingie katika kumbukumbu za chama ni ile tuliyoitumia yote kwa santuri moja, «Blue Yodel No. 9», iliyorekodiwa Hollywood tarehe 16 Julai 1930. Mwimbaji ni Jimmie Rodgers, mtu wa kantri. Tarumbeta ni la Louis Armstrong na piano ni ya Lil Hardin Armstrong, watu wa jazi. Na umbo la wimbo ni bluzi ya vipimo 12 (kipimo ni fungu dogo la mapigo), yenye mstari unaoimbwa, ukarudiwa, kisha ukajibiwa na mstari wa tatu juu ya kodi tatu za muziki zilezile, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja. Tulihesabu vipimo kwa kupiga makofi. Rodgers alikuwa na tabia ya kurefusha au kufupisha kipimo kwa kadiri ya pumzi yake, hivyo makofi yetu yalivurugika mapema, lakini tarumbeta halikuvurugika: Armstrong anamngoja mwimbaji amalize, anaingia katika nafasi iliyobaki hata ikiwa finyu, naye anatoka kabla hajamkanyaga mwenzake. Jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Sijui namna bora zaidi ya kumfundisha mwanachama mpya jinsi wapigaji walivyosikilizana wakati ambapo wauzaji walikuwa wakiwatenga.

Tulifanya pia zoezi kwa kutumia mkusanyiko wa Harry Smith uliotolewa na kampuni ya santuri ya Folkways mwaka 1952, wenye rekodi 84 za zamani. Smith alizipanga kwa aina ya matumizi, yaani nyimbo za visa, muziki wa dansi na ibada, na nyimbo nyinginezo, bila kutaja rangi ya mwimbaji yeyote. Nasi tulizipiga bila kutaja majina, kila mmoja akaandika makisio yake. Makisio yalikwenda kombo hasa kwa Mississippi John Hurt, mwanamuziki mweusi ambaye sauti yake tulivu na vidole vyake vyepesi viliwafanya wengi wamweke milimani miongoni mwa Wazungu. Hurt alirekodi mwaka 1928, akasahauliwa, kisha mwaka 1963 mashabiki wakampata kijijini kwake Avalon, Mississippi, kwa sababu tu alikitaja kijiji hicho katika wimbo wake mmoja.

Ndugu wanachama, mpangilio huu mpya umepingwa, na ni haki wapingaji wasikike katika taarifa hii. Wanachama wetu wa siku nyingi, hasa wale walioletwa hapa na mapenzi ya jazi, wamelalamika kwamba New Orleans, mji unaohesabiwa kuwa chimbuko la jazi, ilipewa jioni moja tu, na kwamba uwanja wa Congo wa mji huo, ambako watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kwa ngoma zao, ulistahili zaidi ya nusu saa. Nakubaliana nao juu ya muda, na pendekezo langu liko mwishoni. Upinzani wa pili ni mzito zaidi. Mwanachama mmoja alionya kwamba kwa kusisitiza mno kuwa mipaka ilibuniwa, tunaweza kusimulia hadithi ya undugu ambao watu wenyewe hawakuufaidi. Alitukumbusha habari za DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville, ambaye aliondolewa mwaka 1941 na kuishi kwa kung'arisha viatu. Aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kifo chake. Onyo hilo ni sahihi, na Kamati imeagiza kwamba kila somo lieleze pia nani alilipwa na nani aliandikwa jina.

Mengine nayapitia kwa haraka. Somo la banjo lilihusu asili yake ya Afrika Magharibi na jinsi maonyesho ya Wazungu waliojipaka masizi katika karne ya 19 yalivyoigeuza kuwa kichekesho cha jukwaani. Somo la santuri ya kwanza ya Elvis Presley, Memphis, Julai 1954, lilikuwa fupi kwa kuwa santuri inajieleza: upande mmoja ni bluzi ya Arthur Crudup na wa pili ni wimbo wa Bill Monroe, baba wa bluugrasi, ambayo ni tawi la kantri. Vijana walisimamia vizuri jioni ya muziki wa kufokafoka, wakianzia dansi ya Agosti 1973 mtaa wa Bronx, ambako DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alitumia mashine mbili za santuri kurefusha kipande cha dramu.

Wanachama wetu wa Kenya, wanaoshiriki kwa njia ya mtandao, walitupa jioni iliyotuunganisha na huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu «Chemirocha», kiumbe nusu mtu nusu paa, ambaye jina lake ni la Jimmie Rodgers huyuhuyu. Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika Bonde la Ufa na kusikilizwa kwa masikio mapya kabisa.

Kuhusu uendeshaji, ada zimechelewa kama kawaida yake, na ukumbi tuliouzoea umepandishiwa kodi katikati ya mwaka, jambo lililotulazimu kuhamia chumba kidogo ambacho spika zake zinanguruma. Mweka Hazina atawaeleza. Kwa upande wa maktaba, habari ni njema: chini ya sheria ya Marekani, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachwa huru kwa umma, bila hakimiliki, tarehe 1 Januari 2022, na tangu 2024 huongezeka za mwaka mmoja kila Januari, nyingi zikiwa zinapatikana bure katika hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Wanachama wakumbuke kwamba sheria hiyo ni ya huko, na kunakili hapa nchini kunaongozwa na sheria zetu.

Kwa mwaka ujao Kamati inapendekeza mpango ujengwe juu ya jiji moja, Chicago, na uhamaji wa mamilioni ya watu weusi kutoka Kusini. Tutamfuata Thomas Dorsey, aliyeongoza bendi ya mwimbaji wa bluzi Ma Rainey mwaka 1924 kabla ya kuupa muziki wa injili sura mpya makanisani. Na Muddy Waters, mpiga gitaa wa bluzi, aliyerekodiwa shambani Mississippi mwaka 1941 na mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax pamoja na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, kisha akahamia Chicago mwaka 1943, ambako gitaa lake lilihitaji umeme ili lisikike katika kelele za baa. Kwa wapenzi wa jazi, naomba mkutano uidhinishe jioni moja ya kila mwezi itakayosimamiwa na wao wenyewe, ianze na New Orleans, na itengewe fungu lake katika bajeti.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.