Malalamiko: kadirio la shaba kwenye transfoma chakavu

Kwa Meneja wa Ununuzi,

YAH: KUPUNJWA KILO 24 ZA SHABA KATIKA MZIGO WA KILO 640

Hatukubaliani na hesabu ya stakabadhi yenu. Mzigo wote, transfoma kavu zisizo na mafuta, mmeukadiria kuwa na shaba asilimia 10, yaani kilo 64. Mashine za kuchomelea, stabilaiza na transfoma zilizosukwa kwa alumini hazipimwi kwa asilimia ileile.

Mzigo uliletwa ukiwa mafungu matatu. Katika kila fungu transfoma mbili zilipasuliwa: weldi ya kiini (bati za chuma zilizopangwa ndani ya koili) ilikatwa kwa grainda, bati zikang'olewa, koili ikachanwa upande mmoja kwa patasi, karatasi zikatolewa, ndipo waya ukapimwa. Mashine za kuchomelea, kilo 260, zilitoa asilimia 20: kilo 52. Stabilaiza na UPS (vifaa vya akiba ya umeme), kilo 240, asilimia 15: kilo 36. Fungu la tatu, kilo 140, ni alumini; humo hatudai shaba hata gramu moja. Jumla kilo 88. Waya wa sampuli ulikuwemo mzigoni pamoja na karatasi ya vipimo, lakini hakuna aliyeufungua.

Mpimaji wenu alitazama temino tu, yaani ncha za kuunganishia nyaya. Waya wa alumini mara nyingi huunganishwa na temino za shaba, na vanishi yake huweza kuwa nyekundu vilevile. Hata kukwangua kwa kisu hakutoshi, maana upo waya wa alumini uliovikwa shaba. Weupe wake huonekana ukishakatwa. Mwenye shaka azamishe kilo 2 za waya safi kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni: shaba itamwaga takriban lita 0.22, alumini lita 0.74.

Ushauri wenu kwamba mara nyingine tuchome koili hatuupokei. Moshi wa vanishi ni sumu, na shaba iliyoungua huota ukoko mweusi ambao orodha yenu wenyewe imeupangia bei ya chini.

Tunaomba, kabla mzigo haujasagwa na ndani ya siku 14, mchague wenyewe transfoma mbili katika kila fungu zipasuliwe mbele ya pande zote mbili. Vinginevyo mtulipe kilo 24 kwa bei ya shaba ya siku ya stakabadhi, mkipunguza bei ya chuma mliyokwisha kulipa kwa kilo hizohizo. Alumini ipimwe kivyake.

Wenu,
Mafundi wa karakana ya kusuka mota na transfoma