Kongo na Rwanda: Wakaguzi watangulie, sahihi zifuate

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini upatanishi kati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda unakwama kila mara mahali pale pale. Tangu M23, waasi wa mashariki mwa Kongo wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, warudi vitani mwishoni mwa 2021, mikutano ya wakuu wa nchi imekuwa ikimalizika kwa tamko lile lile: mapigano yakome mara moja, majeshi ya kigeni yaondoke, mazungumzo yaendelee. Katika matamko hayo yote anakosekana mtu mwenye mamlaka ya kwenda Masisi au Rutshuru, Kivu Kaskazini, aangalie, kisha aseme hadharani nani amevunja ahadi.

Tazama usitishaji mapigano ulioanza Agosti 4, 2024. Uliafikiwa Luanda siku chache kabla, chini ya usuluhishi wa Rais João Lourenço wa Angola, na walioafikiana ni serikali mbili tu. M23, ambao ndio waliokuwa kwenye mahandaki, hawakuwemo, nao wakasema haukuwafunga moja kwa moja. Chombo cha uhakiki kilichoimarishwa, kikiongozwa na Angola na kuwa na maofisa wa Kongo na Rwanda, kilizinduliwa Goma Novemba 5. Yaani bunduki ziliamriwa kunyamaza miezi mitatu kabla ya kuwepo wa kuhakikisha kwamba zimenyamaza. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ikatekwa na M23, na Februari ikafuata Bukavu.

Uhakiki wa kweli huanza na ramani. Kabla ya sahihi, kila upande ukabidhi orodha ya vituo vyake: jina la kijiji au kilima, nukta za ramani, tarehe na saa. Bila orodha hiyo, kikosi kinaweza kusogea kilomita tano usiku na asubuhi kikadai kilikuwa pale tangu awali, na hakuna wa kukibishia. Kisha itajwe ni nini kitahesabiwa kuwa uvunjaji. Risasi ndiyo rahisi kuitambua. Kuongeza askari, kupitisha shehena za silaha, kuandikisha vijana, kurusha ndege zisizo na rubani na kuvuruga mawimbi ya GPS, jambo ambalo limeripotiwa Kivu Kaskazini, viandikwe kimoja kimoja, la sivyo kila upande utajitafsiria.

Lalamiko likipokelewa, timu iondoke ndani ya saa 24 na ripoti itoke ndani ya saa 72. Muda ukizidi hapo, maganda ya risasi yameshaokotwa, mashahidi wamekimbia na mvua imefuta alama za magurudumu. Kiongozi wa timu atoke nchi isiyo na askari vitani. Maofisa wa pande mbili wafuatane naye, wasaini walichokiona au waandike pingamizi lao, lakini wasiwe na kura ya kuzuia ripoti. Usafiri nao si jambo dogo: timu inayosubiri helikopta au kibali cha mmoja wa wagomvi itaonyeshwa kile tu anachotaka kionekane. Na ripoti ichapishwe. Ikipelekwa kwanza kwenye miji mikuu ili wote waikubali, huko ndiko inakofia.

Bila wakaguzi, hata ubishi wa nani atangulie hauishi. Kinshasa inataka askari wa Rwanda waondoke. Kigali, inayosema imechukua hatua za kujihami tu, inataka kwanza livunjwe kundi la FDLR, lenye mizizi kwa waliotekeleza mauaji ya kimbari ya 1994. Wataalamu wa Luanda walifanya kazi nzuri: waliyafunga mambo hayo mawili katika mpango mmoja, ulioidhinishwa Novemba 2024. Mkutano wa marais wa Desemba 15 ulivunjika kwa sababu nyingine, kwamba Kigali ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza na M23 ana kwa ana, nayo ikakataa. Makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington Juni 27, 2025 yamerithi mpango ule ule, kwa siku 90.

Tatizo la mpango huo ni kulibeba eneo lote kwa mkupuo. Ungegawanywa eneo kwa eneo: FDLR waondolewe katika eneo moja, siku hizo hizo askari wa Rwanda waondoke hapo, wakaguzi wathibitishe yote mawili, ndipo eneo la pili lifunguliwe. Upande mmoja ukidanganya, kinachoharibika ni eneo moja na mpango unabaki.

Kanda nayo ijitazame. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kilichoingia Novemba 2022 kiliondoka Desemba 2023 kwa sababu hati yake ilisomwa kwa tafsiri mbili: Kinshasa ilitarajia kipigane na M23, ilhali chenyewe kiliona kazi yake ni kukaa katikati. Burundi ilikuwa na askari katika kikosi hicho na, kwa makubaliano mengine na Kinshasa, ilikuwa na askari wanaopigana upande wa serikali. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ikafuata na kikosi cha Afrika Kusini, Tanzania na Malawi chenye amri ya kushambulia. Kilipoteza askari wa nchi zote tatu, na Machi 2025 SADC ikafuta jukumu lake, mwezi mmoja tu baada ya kukaa na EAC jijini Dar es Salaam kama wapatanishi. Mwenye askari kwenye mstari wa mbele haaminiki kuwa mwamuzi, hata awe na moyo mweupe kiasi gani.

Sasa meza ni nyingi. Michakato ya upatanishi ya Nairobi na Luanda iliunganishwa Dar es Salaam Februari 8, 2025, Angola ikajitoa Machi, Umoja wa Afrika ukamkabidhi kazi Faure Gnassingbé wa Togo, Kinshasa na M23 wakaenda Doha, Qatar, marais wa Kongo na Rwanda wakasaini Washington Desemba 4. Siku chache baada ya sahihi hizo, Uvira, mji wa Kivu Kusini, ikaangukia mikononi mwa M23. Doha, Kinshasa na M23 walikuwa wamekubaliana Oktoba kuunda chombo cha kufuatilia usitishaji mapigano, lakini huko Kivu Kusini MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, ilikwishaondoka tangu Juni 2024.

Hatuombi meza mpya. Tunaomba sekretarieti za EAC Arusha na SADC Gaborone zikubaliane juu ya daftari moja la malalamiko, likae kwenye chombo cha uhakiki cha Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, ambacho kipo tangu 2012. Kipewe helikopta zake, fedha ya mwaka mzima ilipwe mapema, na kituo cha kwanza kifunguliwe kati ya Uvira na Kamanyola, kisha Masisi na Walikale. Siku za kuondoa majeshi zisianze kuhesabiwa kabla vituo hivyo havijafunguliwa.

Wasomaji wako,
Wafuatiliaji wa usalama wa Maziwa Makuu