Walimu wa skuli ndogo wagawiwe kwa madarasa, si kwa vichwa

Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie skuli ndogo za msingi za shamba hapa Pemba, zile zenye chumba kimoja kwa kila darasa na watoto wasiofika ishirini ndani yake. Tangu skuli za ghorofa zianze kujengwa, vibarazani maneno ni mengi: wapo wanaotaka hizi ndogo zifungwe zote, na wapo wasiotaka hata mlango wake uguswe. Sisi tunaosomesha watoto humo tunaona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Neema ya skuli ndogo iko madarasa ya chini. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma kwa kusikia wenzake wakisoma. Anajua kwa kusoma mwenyewe, kidole juu ya neno, mkubwa akimsikiliza. Kwetu hili si geni. Chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kila mtoto hukaa mbele ya mwalimu wake na juzuu yake akasoma peke yake, na akikosea hurudishwa hapo hapo. Darasa la watoto 16, kila mmoja akipewa dakika mbili, humalizika kwa dakika 32, karibu kipindi kimoja. Darasa la watoto 70 linataka dakika 140, na dakika hizo hazipo, basi mwalimu huandika ubaoni na watoto huitikia kwa pamoja. Baada ya wiki chache mtoto ameshika ukurasa mzima kwa moyo na hajui herufi zake. Mzazi anayetaka kuhakikisha amfungulie mwanawe kitabu, afunike picha kwa kiganja, kisha amsomeshe mstari kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Anayejua atasoma, japo polepole. Aliyekariri atanyamaza, au atauanza mstari mwanzo.

Na madaftari vivyo hivyo. Kusahihisha hesabu za mtoto mmoja kwa kuangalia njia, si jibu tu, ni dakika mbili au tatu. Madaftari 16 humalizika kabla mwalimu hajaondoka skuli, na kesho yake asiyejua kukopa katika hesabu za kutoa anajulikana kwa jina. Madaftari 70 hupigwa vema juu juu, na kosa la darasa la pili linapanda na mtoto hadi la saba. Tena skuli iko karibu: wa miaka sita anakwenda kwa miguu bila kupandishwa gari, na asipoonekana, mwalimu ameshauliza jirani kabla ya mapumziko.

Upungufu ni wa walimu, na chanzo chake ni namna ya kuhesabu. Tuseme skuli ina madarasa saba ya watoto 16, jumla 112. Kwa kigezo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, haki yake ni walimu watatu. Ikipewa watano, karatasi inaonesha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 22, na anayesoma karatasi hiyo atasema hapa pana walimu wa ziada. Lakini darasa la watoto 16 lina vipindi vingi sawasawa na la watoto 70. Vipindi vinane kwa siku, siku tano, madarasa saba: 280 kwa wiki. Walimu watano, hata wasimame kutwa bila kupumzika wala kusahihisha, wanaweza 200. Vinabaki 80, yaani kila saa ya skuli yapo madarasa mawili yasiyo na mtu. Hapo hajaugua yeyote, hapana aliyeitwa semina, wala hapana aliye katika likizo ya uzazi. Mmoja akitoka, madarasa matatu yako peke yake.

Dawa inayotumika ni kuchanganya madarasa mawili chumba kimoja. Si vibaya, lakini ina masharti. Chumba kiwe na mbao mbili, moja mbele na moja nyuma, watoto wapeane migongo ili kila kundi litazame ubao wake. Mwalimu aandike kazi za pande zote mbili kabla ya kipindi. Akiandika huku anafundisha, kundi la pili hukaa bure na kelele huanza. Kiswahili na Dini huchanganyika vizuri. Hisabati haichanganyiki, kwa sababu kila mada inasimama juu ya iliyotangulia. Darasa la kwanza lisichanganywe na lolote: asiyejua kusoma hawezi kuachiwa kazi ya ubaoni dakika ishirini.

Juu ya darasa la nne ndipo udogo unapoumiza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipeleka Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyezoea sehemu na desimali kwa Kiswahili anahitaji mwalimu anayejua somo na lugha kwa pamoja, na skuli yenye walimu watano huenda isiwe naye hata mmoja. Anayepangiwa hunakili kitabu ubaoni, watoto wananakili kutoka ubaoni, na daftari linapendeza kwelikweli. Muulize mtoto alichoandika, hana neno.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: darasa la kwanza hadi la nne libaki kijijini, la tano hadi la saba lihamie skuli kubwa ya karibu yenye walimu wa masomo. Walimu watano kwa madarasa manne ni vipindi 160, yaani 32 kwa kila mmoja, na nafasi ya kusahihisha imo. Mmoja akiugua, wanne waliobaki wanafika 40: watachoka, lakini hapana darasa litakalokaa bila mwalimu. Wapo wenzetu wasiokubali, wakihofia kwamba skuli ikikatwa juu itakuja kufungwa yote. Hofu hiyo ina haki yake, na ndiyo maana tunataka idadi ya walimu iandikwe kwa madarasa, si kwa vichwa.

Matokeo nayo yasomwe kwa hadhari. Katika darasa la watu 14, mmoja akifeli ni asilimia saba. Skuli inaitwa bora mwaka huu na mbovu mwakani kwa sababu ya watoto wawili. Wajumlishwe watahiniwa wa miaka mitatu ndipo ihukumiwe.

Na sisi wazazi tuna letu. Karafuu haingoji, ikichanua mtini thamani imepotea, na msimu ukikolea watoto wanakwenda kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na usiku wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vikonyo vyake, mpaka wanasinzia. Darasa la 16 likikosa sita, mwalimu ama arudie somo zima au awaache. Mpeta uokotwe jioni baada ya chuo, uchambuzi usivuke Isha, na wiki ya majaribio mtoto asiguswe kabisa. Hili kamati ya skuli na sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, wanaweza kulipitisha bila kungoja waraka.

Uhamisho wa darasa la tano usifanywe katikati ya mwaka. Ufanywe Januari, na kila mtoto aende na daftari lake la Hisabati la darasa la nne ili mwalimu mpya ajue pa kuanzia. Na kabla ya hapo mabonde ya njiani yatiwe vivuko vya miguu vyenye kamba ya kushikia, kwa sababu masika inaanza Machi, na mtoto wa miaka kumi na moja hatakiwi kuvuka maji ya kiunoni na mkoba kichwani.

Wazazi wa wanafunzi,
Wilaya ya Wete, Pemba.