Mwanangu, damu kupungua sio kizazi kukauka

Mwanangu kipenzi,

Za huko Kasulu, mjukuu wangu hajambo? Sie huku Ujiji wazima. Meseji yako ya sauti nimeisikiliza nikairudia, nimeona nikuandikie maana hili la kitanzi cha uzazi wa mpango ulichowekewa kizazini, kwamba hedhi imepungua, linakukosesha usingizi na mi sitaki.

Hao wanaokwambia damu isiyotoka inajazana tumboni inaoza wanakutisha bure. Hamna damu iliyozuiliwa mle mama. Kila mwezi ule utando wa ndani ya kizazi unanenepa kuisubiri mimba, isipoingia unabomoka unatoka, ndo hedhi yenyewe. Sasa hicho cha kwako ni cha homoni, kinatoa homoni iitwayo levonogestreli humohumo ndani, mwanzoni kama maikrogramu 20 kwa siku na miaka inavyoenda inapungua, basi utando unabaki mwembamba, sasa kitatoka nini kama hakuna kilichonenepa?

Miezi 3 mpaka 6 ya kwanza ndo kero, matone leo yapo kesho hamna, pedi haikai mbali na pochi. Baadae inatulia, na ukifika mwaka kama mwanamke 1 kati ya 5 haoni siku zake kabisa na ni mzima, tena wewe ulivyokuwa unamwaga damu mpaka kizunguzungu mi naona umepata nafuu. Mayai kwa wengi yanaendelea kupevuka kama kawaida, ila ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito mbegu hazipenyi.

Shoga yako anayelalamika damu imezidi, yeye kawekewa cha kopa, yaani shaba, hakina homoni, hicho ndo huongeza damu, msilinganishe.

Mumeo mwambie asihofie kukosa mtoto wa pili. Kikitolewa utando unajijenga upya, hedhi kwa wengi inarudi ndani ya miezi michache na mimba inaweza kuingia hata mwezi wa kwanza, kwa hiyo msikitoe kabla hamjaamua.

Ila ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, uchafu unaonuka, nyuzi zake za kule ukeni ukizigusa usizipate, au ukajisikia mjamzito, nenda kliniki siku hiyohiyo, maana mimba ikiingia kitanzi kipo inaweza ikatunga nje ya kizazi. Na UKIMWI hakizuii, hilo mnalijua wote wawili.

Chukua ile kadi waliyokupa, angalia tarehe ya kukitoa, unitumie picha. Kama unataka wakakucheki roho itulie sema tu siku gani, nauli nakurushia kwenye simu.

Mama yako