Barua ya wazi kwa afisa wa michezo: waliopigana wana majina, uwanja hauna kosa

Assalaam alaykum mheshimiwa afisa wa michezo. Wewe hunijui, lakini ile meza ya kuandikia pointi pale uwanja wa basketi mimi ndo hukaa nyuma yake, na daftari langu na saa ya mchezo, kwa hivo zile vurugu za usiku wa fainali niliziona tangu mwanzo mpaka refa alipokimbilia ndani ya tuktuk. Naskia kamati yako inakaa wiki hii. Naskia pia, na hii ndo imenifanya nishike simu niandike, kwamba kuna rai timu zote mbili zifungiwe mwaka mzima, geti la uwanja lipigwe kufuli, na zile mechi za usiku za baada ya tarawehe zisichezwe tena hapa Malindi. Kama ni maneno ya barazani tu basi alhamdulillahi, lakini kama yako mezani naomba unisikize kabla hamjapiga muhuri.

Vidio zinazozunguka kwenye simu za watu zote zinaanzia katikati, zinaanzia ngumi. Kabla ya ngumi ilikuwa hivi. Kota ya mwisho, yaani ya nne, inaisha, mechi ishaamuliwa, wenzetu wako mbele kwa pointi nyingi hata waliokuwa wakishangilia washaanza kutafuta viatu vyao. Kijana akaruka kufunga, akasukumwa akiwa juu, akaanguka na mgongo kwenye simiti. Faulo mbaya sana ile. Refa akaja kwangu kuuliza yule mwenye kosa ana faulo ngapi, makocha wote wawili nao wakaja, kila mmoja anapiga kelele mwengine hasikiki, na mchezo umesimama tu hapo, wachezaji wanazunguka hawana kazi, watu nao washasogea mpaka juu ya mstari. Ndo likaja dafu, lishanywewa, kutoka nyuma ya watu, likampata mchezaji begani. Akaingia ndani ya watu, wenzake watatu nyuma yake. Wa kwanza kula konde ni dereva wa tuktuk aliyesimama na mwanawe mkononi, masikini hakurusha hata ganda la karanga.

Wenye kufuatilia basketi washajua naelekea wapi. Tarehe 19 Novemba 2004, Marekani, ukumbi wa Palace huko Auburn Hills jimbo la Michigan, Detroit Pistons waliokuwa mabingwa wakicheza na Indiana Pacers. Zimebaki sekunde 45.9, Pacers wako juu 97 kwa 82, yaani hamna cha kugombania tena. Ron Artest wa Pacers akamfanyia Ben Wallace wa Pistons faulo nzito, Wallace akamsukuma kwa mikono miwili, wakatenganishwa. Marefa wakawa wanajadiliana, na katika kujadiliana huko Artest akaenda kulala juu ya meza ya waandika pointi, chali, akavaa na hedifoni za mtangazaji wa redio kama mtu yuko pwani anapunga upepo. (Angelala kwenye meza yangu mimi ningemwagia maji.) Shabiki mmoja akarusha kikombe cha soda kikamtua kifuani. Artest akainuka kama mshale akapanda jukwaani na akamkamata mtu ambaye siye. Mwenzake Stephen Jackson akafuata anapiga ngumi, mashabiki nao wakaingia uwanjani, Jermaine O'Neal, naye wa Pacers, akampiga mmoja wao hapo hapo chini, viti vikaruka, bia zikamwagwa. Zile sekunde 45.9 hazikuchezwa mpaka leo.

Sasa naomba utazame walivohukumu. Siku mbili baadaye tu, Jumapili, kamishna wa ligi yao ya NBA wakati huo David Stern alitoa adhabu na kila mtu akapewa yake kwa jina. Artest alifungiwa msimu wote uliobaki, mechi 73 na za mtoano juu yake. Jackson mechi 30. O'Neal 25. Wallace aliyeanza kusukuma mechi 6, na hapo mimi naona alibembelezwa lakini sikuwa mimi kamishna. Anthony Johnson 5. Halafu wako wanne, Reggie Miller, Chauncey Billups, Elden Campbell na Derrick Coleman, wao hawakumpiga mtu, kosa lao ni kuondoka kwenye benchi wakati vurugu zimeanza, mechi moja moja. Wachezaji tisa jumla mechi 143 ukiacha zile za mtoano, na mishahara iliyokatwa ilifika kama dola milioni 11, karibu milioni 5 ni za Artest peke yake. Hawakusema Pacers wote wamefungiwa. Wala hawakusema ukumbi ufungwe. Aliyekaa kwenye benchi akatulia hakuguswa.

Na hata hivo walioadhibiwa walipata pa kulalamikia. Chama cha wachezaji kikapeleka shauri kwa msuluhishi, akasikiza, akamkatia O'Neal mechi kumi zikabaki 15, wengine akawaachia vile vile. Ligi ikaenda kortini kupinga hilo ikashindwa. Mheshimiwa hiki ndo kitu nakitafuta kwenye kamati yetu sikioni: mtoto wa miaka 17 akipewa mwaka mzima atakwenda kwa nani? Nchi yetu yenyewe Sheria ya Michezo ya 2013 ilianzisha baraza la kusikiza migogoro ya michezo, sasa kama taifa limeona haja hiyo, sisi kwenye uwanja wa mtaa tushindwe hata kumwita kapteni akae kwenye kiti aseme lake?

Halafu mashabiki, na hapa ndo pananiuma zaidi. Kwetu sisi ikitokea fujo adhabu yote humwangukia mchezaji kwa sababu mchezaji ana jezi, ana namba mgongoni, na kocha wake anajulikana nyumbani kwake. Shabiki anapotelea gizani kesho yake asubuhi yuko kwenye baraza anakunywa kahawa na kashata akisimulia vita kama alikuwa refa. Kule hawakukubali hivo. Wachezaji watano wa Pacers walishtakiwa kortini, na mashabiki watano wakashtakiwa pia. Wachezaji wakapata kifungo cha nje cha mwaka mmoja na kazi za kusaidia jamii. Mashabiki waliohusika wakapigwa marufuku kukanyaga ukumbi ule. Yule wa kikombe unajua alipatikana vipi? Walitazama vidio, na mwendesha mashtaka mwenyewe akamtambua, kumbe aliwahi kuwa jirani yake! Nchi kubwa kama Marekani, ukumbi wa watu zaidi ya elfu ishirini, mtu kakamatwa kwa ujirani. Mwaka 2006 akahukumiwa siku 30 jela. Na la kushangaza jopo la mahakama lilimwachia kosa la kikombe likamtia hatiani kwa ngumi aliyompiga Artest kule jukwaani.

Sasa mheshimiwa Malindi hii. Malindi ambayo ukinunua mkate wa mofa Barani mtu wa Shella ashajua umekula na nini. Uwaambie watu aliyerusha dafu hajulikani? Anajulikana kwa jina, kwa mama yake, na kwa pesa alizopoteza usiku ule. Ndio, pesa, kwa sababu hilo nalo halisemwi. Pale mstarini watu huwekeana pesa mkononi, mia mbili, mia tano, wengine elfu, na wengi waliokuwa wakipiga kelele zaidi ile kota ya mwisho si kwa mapenzi ya timu. Sitamtaja hapa, mtandaoni si mahali pake, nitamtaja mbele ya kamati akiwepo mwenyewe ajitetee. Vidio tunazo, nimeshakusanya kutoka kwa vijana wa Maweni na Muyeye waliokuwa wamepanda juu ya ukuta, wao walichukua kutoka upande ule mwengine na uso unaonekana vizuri.

Nisieleweke vibaya, sisemi wachezaji waachwe. Wale wanne walioingia ndani ya watu wafungiwe, na yule wa kwanza apate nyingi kuliko wenzake. Dafu begani si ruhusa ya kumpiga baba wa watu. Mashabiki wa Manchester United tuliopo hapa tunaikumbuka ya mchezaji wetu Eric Cantona mwezi Januari 1995, alitukanwa na shabiki wa Crystal Palace akaruka akampiga teke la kung fu. Kutukanwa kulikuwa kweli, na bado alifungiwa mpaka mwisho wa Septemba, korti ikampa saa 120 za kufanya kazi na jamii, akaenda kufundisha watoto mpira. Lakini yule shabiki naye alishtakiwa. Wote wawili. Aliporudi Oktoba mechi ya kwanza tu na Liverpool akafunga penalti, maana adhabu yake ilikuwa na siku ya kuisha na mtu aliijua.

Na kwa hawa vijana wetu adhabu ya kukaa nje tu sidhani kama inatosha wala kama inafaa. Mchezaji wa Marekani unamkata mshahara anaumia, wetu halipwi kitu, nauli anatoa mfukoni. Ukimfungia mwaka mzima unamkosesha basketi na shule zinazotafuta wachezaji hazitamuona, halafu jioni saa kumi na moja anakwenda wapi? Wewe unajua na mimi najua, atakwenda pale wanapotafuna muguka. Mfungie mechi kadhaa, na hizo jioni za mechi aje na jembe na rangi. Mistari ya uwanja imefutika mpaka mimi mezani siwezi kuona kama mtu amekanyaga nje, majani yameota nyuma ya goli la kusini, na yule dereva wa tuktuk kioo chake kilivunjwa hakuna aliyemlipa. Wamlipe, wachezaji wanne na mrusha dafu, wachange wamuendee nyumbani na wazee wao wamuombe radhi. Huyo nilimuuliza, hataki kesi, anataka kioo na heshima yake mbele ya mwanawe.

Wazee wa msikiti wanaosema mechi za usiku zikome naelewa hasira yao, kupigana mwezi wa Ramadhani ni aibu kubwa na sina la kuwajibu hapo. Lakini zile mechi ndo zilizokuwa zikiwakusanya vijana mahali penye taa. Kule Marekani baada ya vita hawakusimamisha ligi, walibadilisha mpango wa ukumbi. Wakaweka walinzi baina ya wachezaji na watu, wakapunguza ukubwa wa glasi za bia na mtu mmoja asiuziwe zaidi ya mbili kwa mara moja, na kota ya tatu ikiisha bia hakuna tena. Sisi bia hatuna pale, lakini tuna madafu yanauzwa hatua tatu kutoka mstarini, na tuna hao wenye kuwekeana pesa. Muuza madafu asogee nje ya geti, riziki yake haipungui. Ivutwe kamba, hatua tano kutoka mstari, wasimame vijana sita wenye reflekta kama za bodaboda, hata hao hao wanaotumikia adhabu. Na refa akija kwangu kuuliza faulo aje peke yake, wachezaji wote waende kwenye mabenchi yao wakae chini mpaka filimbi ipigwe. Ule muda wa kuzubaa ndo uliotumaliza sisi na ndo uliowamaliza wao.

Mtu mmoja ameniambia kwani Artest alijifunza nini, si jeuri ilikuwa kazi yake. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini. Najua alirudi akacheza, mwaka 2007 alifika hapa hapa Kenya na wachezaji wenzake kwa shughuli za kugawa chakula, 2010 akachukua ubingwa na Lakers, na 2011 ligi ile ile iliyomfungia ikampa tuzo yake ya raia mwema. Mwaka huo huo akabadilisha jina akajiita Metta World Peace, hilo nalo lake mwenyewe.

Basi mheshimiwa ninayoomba si mengi. Tangazeni siku ya kikao kwenye mbao za uwanja na pale sokoni ili wahusika waje. Makapteni wote wawili waingie ndani wasemeshwe, na refa pia maana yeye naye ana maswali ya kujibu kuhusu ile tuktuk. Adhabu iandikwe jina kwa jina, mechi ngapi, inaanza lini inaisha lini, na mtu wa kumpelekea rufaa atajwe. Daftari ya pointi ya usiku ule ninayo, faulo zote zimeandikwa na saa zake, na vidio tatu. Nitakuja nazo nikiitwa, na nisipoitwa nitakuja vile vile nikae nje kwenye ngazi.

Wako,
mwandika pointi, Malindi